Kuunga mkono hakugharimu kitu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Rasimu yako ya msimamo wa serikali kuhusu uhamiaji nimeisoma mara mbili. Ile sentensi ya kwanza, "Serikali inaunga mkono kikamilifu ushirikiano wa kimataifa katika kusimamia uhamiaji," haina kosa, ila haina uzito pia. Serikali 152 zilikwisha kuyasema hayo kwa kura tarehe 19 Desemba 2018, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoidhinisha Mkataba wa Kimataifa wa Uhamiaji Salama, wa Mpangilio na wa Kawaida, siku chache baada ya mkutano wa Marrakech. Tano zilipinga, 12 hazikuegemea upande wowote. Mkataba una malengo 23, na aya ya 7 inatamka wazi kwamba haufungi nchi yoyote kisheria. Aya ya 15 nayo inaiachia kila nchi mamlaka ya kupanga sera yake ya uhamiaji. (Waliopiga kelele kwamba unapora mamlaka sijui waliishia ukurasa wa ngapi.) Kwa hiyo kuunga mkono ni bure. Gharama huanzia kwenye dirisha la ubalozi, na hapo ndipo rasimu yako inaponyamaza.

Kabla sijafika huko, aya yako ya tatu inawachanganya wakimbizi na wahamiaji wengine. Wakimbizi wana Mkataba wa 1951 na Itifaki ya 1967, na hizo ni sheria zinazozibana nchi zilizoridhia. Watenganishe. Vilevile anayelipa avushwe mpaka kwa magendo si sawa na anayesafirishwa ili anyonywe. Ndiyo maana mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliandika itifaki mbili, moja kwa kila kosa.

Sasa suala la kurejesha watu, yaani lengo la 21, ambalo umelipa mstari mmoja. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Nchi aliyopo mtu hupeleka ombi kwa ubalozi wa nchi inayodhaniwa kuwa yake, pamoja na nakala ya pasipoti kama ipo, alama za vidole, picha na maelezo ya mahojiano. Ubalozi huthibitisha uraia ndani ya muda uliokubaliwa, hutoa hati ya safari ya dharura, kisha tiketi hukatwa.

Kwa vitendo hukwama mahali pale pale kila mara. Konseli, yaani afisa wa ubalozi anayeshughulikia raia na hati zao, hana njia ya kuingia kwenye daftari la uraia, hivyo anaandika makao makuu na kungoja. Jina limeandikwa kwa herufi za lugha nyingine na halilingani na lililoko kwenye daftari. Mwingine hakuwahi kusajiliwa alipozaliwa, na asiye na cheti huthibitishwa na nini? Hati ya dharura nayo kwa kawaida ni ya safari moja na muda wake mfupi. Kiti kikichelewa kupatikana, au mahakama ikisimamisha safari, hati inakufa na kazi inaanza upya. Halafu kuna ugomvi mkubwa kuliko yote: nchi inayorejesha hutaka kumkabidhi hata mtu aliyepita tu katika nchi jirani akiwa njiani, na nchi hiyo ya njia hukataa kumpokea asiye raia wake.

Usidhani ni uzembe mtupu. Nchi anakotoka mhamiaji hupokea fedha anazotuma nyumbani, na hakuna waziri anayependa kupigwa picha akipokea ndege ya waliorudishwa. Upande wa pili una fimbo yake: tangu 2020, kifungu cha 25a cha sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya kinaruhusu kubana viza za nchi isiyoshirikiana, na mwaka 2021 Gambia ilibanwa. Mimi naiona fimbo hiyo kuwa butu. Inamgonga anayeomba viza kwa njia halali, si yule asiye na karatasi. Kinachofanya kazi zaidi ni kumpa konseli uwezo wa kukagua daftari la uraia kutoka mezani kwake na kutaja siku za kujibu. Weka hayo mawili kwenye rasimu, hata kama wakubwa watayakata.

Kwenye ajira una nafasi nzuri zaidi. Kifungu cha 7 cha Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa 1997, kinakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, ingawa kimeacha mianya. Ada hubadilishwa jina ikaitwa mafunzo, vipimo au faili. Mtu anafika na deni, na mwenye deni haachi kazi hata akipigwa. Akishafika huwekewa mkataba mwingine wa kazi mbele yake, wenye mshahara mdogo zaidi. Dawa yake ni ya kikarani kabisa: mkataba upewe namba na usajiliwe na serikali zote mbili, ya anakotoka na ya anakokwenda, kabla ya tiketi kukatwa, uwe katika lugha anayoisoma, nakala moja ibaki ubalozini. Na ile kamati ya pamoja ambayo kila makubaliano ya ajira kati ya nchi mbili huiunda, iandikiwe tarehe ya kukutana. Isipoandikiwa, haikutani.

Fedha zinazotumwa nyumbani zitaje kwa ufupi: shabaha ya Umoja wa Mataifa ni gharama ya kuzituma ishuke chini ya asilimia 3 ya kiasi kinachotumwa ifikapo 2030, na wastani wa dunia umekuwa ukigoma juu ya 6. Ongeza kwamba sehemu ya gharama imejificha kwenye kiwango cha kubadilishia fedha, wala haionekani kwenye ada.

Nirudishie rasimu kabla haijaenda kwa mkurugenzi, na kwenye sehemu ya kurejesha watu niachie ukingo mpana wa kuandikia.

Rafiki yako,
Hamisi