Jiwe la Pete ya Kila Siku Dodoma: Anza na Vumbi

Pete nyingi zinazorudishwa dukani kwetu hazirudi kwa sababu dhahabu imekatika. Zinarudi kwa sababu jiwe limefifia. Mwenyewe anaeleza kwamba siku ya harusi lilikuwa linawaka, sasa lina ukungu usiofutika, na karibu kila mara anauliza kama aliuziwa bandia. Tukilipima, mara nyingi ni jiwe halisi kabisa. Kilicholiharibu ni vumbi la mji huu.

Mkazi wa Dodoma hahitaji kusimuliwa vumbi. Kiangazi kikishika, upepo unaliingiza mpaka kwenye kabati lililofungwa. Ndani yake mna chembe za kwatzi, madini yaleyale yanayofanya mchanga umeremete juani. Ugumu wa mawe hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10, na kwatzi ina 7. Jiwe lenye ugumu chini ya hapo hukwaruzwa na vumbi la kawaida, hasa mtu anapolifuta likiwa kavu kwa kanga au pindo la shati. Anadhani anasafisha, kumbe anasugua kwa msasa.

Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7. Hapo ndipo tunapobishana na wateja wetu, tena kwa mapenzi mema, kwa sababu sisi pia tunaipenda. Inachimbwa Mirerani, mkoani Manyara, na hakuna machimbo yake kwingine duniani. Ukiigeuza unaona buluu, kisha zambarau. Lakini bwana harusi akitaka iwe jiwe la pete itakayovaliwa kila siku na nesi, au na mama anayehudumia shamba la zabibu Hombolo, tunamwambia wazi: iweke kwenye hereni au kidani. Huko haigongwi na haisuguliwi, itadumu. Akishikilia pete, tunalizamisha jiwe na kulizungushia ukingo wa dhahabu pande zote badala ya kulishika kwa kucha nne za dhahabu, na tunamwomba bibi harusi aivae siku za shughuli tu. Krisoprasi ya kijani inayotoka Haneti, hapa hapa mkoani kwetu, nayo tunaishauri hivyo hivyo.

Kwa mkono unaofanya kazi kila siku, tafuta ugumu wa 8 kwenda juu. Na huhitaji kwenda mbali. Rubi ina 9, na mwishoni mwa 2007 na 2008 wachimbaji wadogo walimiminika Winza, wilayani Mpwapwa, baada ya rubi kuonekana kule. Sehemu kubwa ya mawe ya Winza yalikuwa na nyufa au giza, lakini yale safi yalitikisa soko la dunia kwa wekundu wake, na mengi hayakuhitaji kuchomwa moto ili yapate rangi. Safaya ni ndugu wa damu wa rubi, ina 9 vilevile. Za Umba na Tunduru zina rangi nyingi kuliko buluu ambayo watu wameizoea. Halafu kuna spineli ya Mahenge, mkoani Morogoro, yenye ugumu wa 8 na rangi ya waridi iliyoiva inayong'aa hata kwenye kivuli. Hii ndiyo tunayoipigia debe kuliko zote. Kwa kawaida huuzwa bila kuchomwa, haipasuki ovyo, na bado Watanzania wengi hawaijui ilhali wageni wanaigombea.

Almasi ina 10, hakuna vumbi litakaloikwaruza. Ina adui mwingine: mafuta. Almasi hukataa maji na kushika mafuta, ndiyo maana migodini zimewahi kukusanywa kwa kupitisha kokoto na maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Losheni na mafuta ya nazi hujipaka chini ya jiwe na kulizima. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo na mswaki laini vinatosha kuirudisha. Usidanganyike pia kwamba haivunjiki. Ni ngumu kukwaruzwa, ila ikigongwa pembeni kwa nguvu inaweza kumeguka, hasa ikiwa imechongwa na ncha kali zilizo wazi.

Wateja wa almasi huuliza uzito kwanza. Karati moja ni gramu 0.2, na almasi ya duara iliyochongwa vizuri yenye uzito huo ina upana wa kama milimita 6.5. Sisi tungependa uulize kwanza uchongaji. Jiwe zito lililochongwa vibaya linapitisha mwanga chini na kubaki limepooza, wakati dogo lililochongwa kwa vipimo sahihi linaurudisha machoni. Kwenye rangi, daraja linaanzia D, isiyo na rangi, na kushuka hadi Z. Kama pete yako ni ya dhahabu ya njano, usilipie D. Unjano wa dhahabu utameza tofauti hiyo, na fedha iliyobaki itafaa zaidi kwenye uchongaji.

Ipo almasi inayotengenezwa maabara. Ni kaboni ileile, ugumu uleule, na kwa macho hakuna anayeweza kuitofautisha na ya ardhini. Ni ya bei nafuu zaidi na si aibu kuivaa, mradi umeambiwa. Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, si almasi kabisa, lakini inahadaa vile vipimo vidogo vya joto vya kutambulia almasi ambavyo wauzaji wengi hubeba mfukoni, kwa hiyo taa kuwaka kwenye kipimo hicho peke yake isikutoe fedha.

Jambo linalotuuma zaidi ni rubi zilizojazwa vioo. Jiwe lenye nyufa nyingi linapashwa moto pamoja na kioo chenye madini ya risasi, nyufa zinajaa, na linauzwa kama rubi safi. Kwenye lenzi utaona viputo na mimweko ya buluu. Moto wa sonara unalibomoa, na hata maji ya limao yanakula kile kioo. Kuchoma jiwe peke yake si udanganyifu: tanzanaiti nyingi huchimbwa zikiwa na ukahawia na hupashwa moto ndipo buluu itoke, na rangi hiyo haiondoki. Udanganyifu ni kunyamaza.

Ukija kuchagua, kwetu au kwa sonara mwingine, usiamulie chini ya taa za duka. Zimewekwa ili kila kitu king'ae. Omba kutoka nje, ulitazame jiwe kivulini. Jiwe la rangi lilaze juu ya gazeti, uso juu. Ukisoma herufi kupitia katikati yake, limechongwa bapa mno.

Kwenye risiti ya EFD dai yaandikwe jina la jiwe, uzito wake, na kama limechomwa, limejazwa au limetoka maabara. Kwa jiwe la gharama kubwa, omba cheti cha maabara kabla ya kulipa. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania. Pete ikibana baadaye ukataka ipanuliwe, mwambie sonara alitoe jiwe kabla hajawasha moto. Tanzanaiti hupasuka joto likibadilika ghafla, na zumaridi hupoteza mafuta yanayoficha nyufa zake. Kwa pete zilizonunuliwa kokote, kukagua kucha na kuosha jiwe kwetu ni bure. Ulete likiwa na vumbi lake, usilifute njiani.