Pole kwanza, somo litakuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo linalohusu namna sisi Wakristo tunavyotafuta mafundisho ya imani katika mikasa ya kila siku, hasa katika jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba, ambako tunakutana mara moja kwa wiki kusoma Biblia, kuombeana na kujuliana hali. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nistaafu nafanya biashara ndogo ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, hapa Kigoma. Naamini kwa moyo wote kwamba Mungu husema na watu wake hata kwa mambo madogo: tairi la baiskeli linalopasuka njiani, chakula kinachoungua wageni wakiwa mlangoni, mvua inayonyesha siku isiyotakiwa. Ninachokilalamikia ni haraka yetu ya kumsomea mwenzetu somo la mkasa wake kabla hata hajapata pumzi ya kuusimulia.

Nitaeleza yaliyonikuta mwenyewe, maana nisingependa kuzungumzia watu wengine kwa jambo kama hili.

Kazi ya dagaa inategemea giza na jua. Wavuvi hutoka jioni katika siku zisizo na mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti samaki, na alfajiri wanaporudi sisi wachuuzi tunanunua kwa beseni na kuwaanika dagaa wakiwa bado wabichi. Jua likiwa la kutosha, jioni dagaa wanakuwa wamekauka kiasi cha kuvunjika ukiwabana kwa vidole. Lakini mvua ikiwakuta mchana, wakiwa wamekauka nusu, ngozi hulainika, matumbo hupasuka, ile rangi ya fedha hupotea, na kesho yake harufu yake haimruhusu mteja hata kusogea. Msimu wa mvua huku kwetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi karibu na mwezi Mei, kwa hiyo kila anayeanika dagaa katika miezi hiyo anajua kwamba anashindana na wingu.

Jumatano moja ya mwezi Machi nilikuwa nimejaza chanja nne za kuanikia kwa fedha nilizokopa katika kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Saa tisa mchana anga lilikuwa safi, nikamwachia mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja kazi ya kuwafukuza kunguru, nikachukua Biblia yangu nikaenda jumuiya. Mvua ilitukuta katikati ya somo. Nilipofika mwaloni maji yalikuwa yanatiririka kwenye mchanga, chanja tatu zilikuwa zimelowa kabisa, na mtoto alikuwa ameketi juu ya jiwe akiwa ameshikilia ncha ya turubai kwa mikono yote miwili, huku analia. Turubai lile huvutwa na watu wazima wawili. Yeye peke yake alikuwa ameliburuta hadi chanja moja, akaifunika, kisha akalikalia upande mmoja lisipeperuke. Aliponiona alisema, "Bibi, nisamehe."

Asubuhi ya Alhamisi, kabla jua halijatoka, alikuja mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, ambaye hakupata bahati ya kwenda shule na kwa hiyo husomewa Maandiko na wenzake. Alisema, "Pole, mwanangu," akaweka beseni lake chini, akaanza kuchambua. Tulichambua hadi adhuhuri, tukitenga dagaa waliofaa kuuzwa kwa wafugaji wa kuku na wale wa kutupwa. Katika muda wote huo hakuniambia neno hata moja kuhusu mapenzi ya Mungu. Aliniuliza tu kama mtoto amekula.

Jumatano iliyofuata nilikwenda jumuiya. Ndugu mmoja alinikumbusha, kwa upole, nijichunguze katika habari ya fungu la kumi. Dada mwingine alisema ni shetani anayenipiga vita kwa sababu nilikuwa nimeacha mali yangu nikaenda kusikiliza Neno, na kwamba nisirudi nyuma. Kiongozi wetu alisoma Warumi 8:28 na kuniambia nimshukuru Mungu kwa sababu hasara hiyo lazima ina jambo jema ndani yake. Sina shaka kwamba wote walinipenda, na mstari ule ni kweli, nami nimeuegemea mara nyingi katika maisha yangu. Hata hivyo nilisema amina na kurudi nyumbani nikiwa na mizigo miwili: deni la kikoba, na wajibu wa kulipia maelezo matatu yasiyopatana, ambayo kila moja lilitolewa kwa jina la Mungu.

Tulikuwa tunasoma kitabu cha Matendo ya Mitume sura kwa sura tangu Januari, na wiki chache baadaye tulifika sura ya 27 na 28. Sisi watu wa ziwani tunaisoma sura ya 27 kwa namna yetu. Tunajua maana ya kutupa nanga nne usiku na kuomba kupambazuke. Chombo anachosafiria mtume Paulo kinavunjika, watu wote 276 wanafika nchi kavu, na katika kisiwa cha Melita, ndiyo Malta ya leo, wenyeji wanawapokea kwa ukarimu usio wa kawaida na kuwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo naye anakusanya kuni. Anapoziweka motoni, nyoka anatoka kwa sababu ya joto na kumng'ang'ania mkononi. Wenyeji wanasema mtu huyu hakika ni mwuaji, ameokoka baharini lakini haki haikumwacha aishi. Wanangoja avimbe au aanguke afe, na walipoona hakupatwa na madhara, wakageuza maneno na kusema ni mungu.

Mama yule mzee aliomba asomewe tena mstari wa sita, kisha akauliza, "Muda wote huo waliokuwa wanamtazama, hakuna aliyemwendea?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Kiongozi wetu aliurudia mstari kwa sauti ndogo, akiufuata kwa kidole, kana kwamba huenda kuna mtu amesahauliwa pale. Naomba wasomaji watambue kwamba wale wenyeji hawakuwa watu wabaya, kwani Luka mwenyewe, mwandishi wa kitabu kile, anasifu wema wao mistari michache tu kabla. Ni watu waliowasha moto katika mvua kwa ajili ya wageni wasiowajua, na bado, mkasa ulipotokea mbele ya macho yao, walikosea mara mbili, kwanza kwa kumhukumu na pili kwa kumtukuza. Niliona jumuiya yetu katika habari ile, na nilijiona mimi.

Nasema nilijiona mimi kwa sababu siku ile ya mvua, mtoto aliponiomba msamaha, nilimjibu kwa swali: "Ulikuwa unacheza wapi?" Niliziona chanja tatu zilizolowa na sikuiona moja iliyofunikwa. Nilimtafutia kosa mtoto aliyekuwa ameketi juu ya turubai ili lisichukuliwe na upepo, na kwa karibu wiki sita nilikuwa nimemwacha aamini kwamba mvua ile ilikuwa dhambi yake. Jioni ya siku tuliyosoma habari ya nyoka nilimwita, nikamwomba radhi. Hilo ndilo somo nililolipata katika hasara yangu, na hakuna mtu katika jumuiya ambaye angeweza kunipa, kwa sababu hakuna aliyejua nilichomwambia mtoto yule.

Wahubiri wa mji wetu hupenda sana mfano wa meli ya Liemba ya hapa Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, na huutumia kueleza ufufuo au kusimama tena baada ya kuanguka. Ni mfano mzuri, nami niliwahi kuutumia darasani. Lakini wanaoutaja kwa haraka husahau kwamba, kama inavyosimuliwa, mafundi wa Kijerumani walioizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza, na kwamba ilipita miaka minane kabla ya kuinuliwa isizame tena. Kuna grisi na kuna miaka katika habari ile, na vyote viwili hatuvihubiri.

Najua wapo watakaonijibu kwamba Wakolosai 3:16 inatuagiza kufundishana na kuonyana, na kwamba jumuiya isiyoonya ni kikao cha soga tu. Nakubali. Kijana anayeendesha bodaboda akiwa amelewa na kuvunjika mguu anahitaji kuambiwa ukweli, ila aambiwe na yule aliyempelekea uji hospitalini, na baada ya homa kushuka. Zaidi ya hapo, Yesu mwenyewe alitukataza kufanya hesabu ya namna hii. Aliposimulia habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, katika Luka 13, alikataa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, akawageukia waliokuwa wanamsikiliza na kuwaambia watubu wao. Wanafunzi walipomwuliza kuhusu yule kipofu katika Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alijibu si huyu wala si hao, kisha akatema mate chini akatengeneza tope. Hata rafiki zake Ayubu, ambao tumezoea kuwalaumu, walianza vizuri: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Lugha yetu imetupa neno "pole", ambalo halimdai aliyepatwa sababu yoyote wala halingoji kujua nani mwenye kosa. Ukijikwaa barabarani, mtu usiyemfahamu hukupa pole, ingawa si yeye aliyeliweka jiwe. Nashangaa kwamba mtu yule yule akiingia jumuiya na kufungua Biblia, neno hilo humtoka haraka sana ili apate nafasi ya mafundisho.

Kwa hiyo nina ombi kwako, Mhariri. Mnapochapisha shuhuda za imani, zichapishwe za wale waliopatwa wenyewe, kwa maneno yao na baada ya muda wa kutosha kupita, badala ya mafundisho yanayoandikwa na watu wengine juu ya ajali ya boti au nyumba iliyoungua wiki iyo hiyo, wakati wafiwa bado wameketi kwenye mkeka.

Katika jumuiya yetu tumebadilisha utaratibu. Aliyepatwa na jambo hupewa pole na kuulizwa anahitaji nini, kisha tunaendelea kusoma pale tulipoishia. Tulichanga pia, tukanunua turubai refu la pamoja, nalo linatunzwa nyumbani kwa yule mama mzee. Mwezi uliopita ndugu mmoja, yule yule aliyenikumbusha fungu la kumi, alianguka na baiskeli kwenye mteremko akitoka Mwandiga na madumu mawili ya mawese, na mafuta yote yakamwagika barabarani. Tulimpa pole, tukamchangia dumu moja, na mjukuu wangu akaenda kumsaidia kunyoosha rimu ya gurudumu. Hadi ninapoandika barua hii hajasema alichojifunza, na hakuna aliyemwuliza.

Mwalimu mstaafu,
Kibirizi, Kigoma