Kaka, Mama aliacha watoto watano

Kaka, shikamoo.

Kadi ya mchango imenifikia. Iliingia kwenye simu Jumanne usiku nikisahihisha madaftari, nikaifungua kwa pupa kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Umeandika "Shangazi na Familia". Si jina langu la ubatizo, si hili ninaloitwa sasa. Shangazi. Werevu wako haujapungua, na nakiri nilicheka peke yangu mezani.

Hongera. Yule binti niliyembeba mgongoni akilia njia nzima kutoka zahanati, leo anaolewa. Mungu amtangulie.

Nakuandikia hapa kwa sababu simu yangu hupokei, na yako mimi nikiiona naiacha iite mpaka ikatike. Wifi ameniambia huwa unapita hapa usiku kusoma. Basi pita na leo.

Nianzie darasani, maana ndiko kulikonitonesha. Wiki iliyopita mtoto wa kidato cha pili alinyoosha mkono: "Mwalimu, Mhindi ni dini au kabila?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nyuma ya swali lile wamejipanga watu wazima wengi. Nikamwambia Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni India, basi. Humo ndani yumo Baniani anayechoma maiti yake. Yumo Kalasinga mwenye kilemba, mfuasi wa Guru Nanak wa Punjab, ambaye si Baniani wala Mwislamu. Wamo Bohora, Ismailia na Ithnaasheri, wote Mashia na kila kundi na jumuiya yake. Na yumo Mgoa anayekwenda misa Jumapili na rozari mkononi, sawasawa na Mchaga wa Kibosho. Mwanafunzi mmoja anayependa muziki wa zamani akauliza Freddie Mercury tumweke wapi. Nikasema huyo alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Waparsi, watu wa dini ya Zarathustra, ambao wazee wao walihama Uajemi kwenda India zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Machoni pa jirani wa Unguja alikuwa Mhindi tu. Kengele ikalia, nikabaki na chaki mkononi nakuwaza wewe.

Kwa sababu wewe, mzee wa kanisa mwenye diploma mbili, siku ile ulishindwa swali la kidato cha pili.

Siku yenyewe unaikumbuka. Manyunyu, turubai limelalia upande wa migomba, Mama katikati yetu ndani ya jeneza lenye vishikio vya rangi ya dhahabu ulilolichagua Moshi. Nilikaa benchi la tatu. La kwanza niliambiwa limejaa. Ratiba zikagawiwa: picha ya Mama na kile kitenge cha zambarau, tarehe ya kuzaliwa, ya kubatizwa, ya kipaimara. Msoma wasifu akashika kipaza sauti. "Marehemu ameacha watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja." Nikahesabu wajukuu kwa vidole, chini ya ushungi. Kumi na mmoja ni bila wangu watatu.

Nilidhani ulimi umeteleza. Nikafunua ukurasa wa pili: wanne. Kitu kilichochapwa Moshi siku tatu kabla ya mazishi hakitelezi. Mama mdogo, yule Msabato wetu, aliniwekea mkono gotini akaanza kuimba wimbo ambao kwaya ilikuwa haijauanza.

Kisha wakaitwa watoto wa marehemu kutupia udongo. Nikasimama. Ukanifuata mpaka karibu na shimo, ukainama kama mtu anayenipa pole, ukaniambia kwa Kipare, ili wageni wa ofisini kwako wasielewe: wewe sasa ni Mwarabu, na Waarabu wana makaburi yao.

Kwa Kipare, Kaka! Ulinifukuza kwenye Upare kwa Kipare, na neno hata moja halikunipita.

Udongo niliutupia. Nilizungukia upande wa akina mjomba, na hao hawakuniuliza kitu.

Mwarabu, kwa sababu tu nilisilimu. Shemeji yako ni Mdigo wa hapa Tanga, hajavuka hata kwenda Pemba, na Kiarabu chake kinaishia kwenye sala. Nikimwambia kwamba ukweni wanamwita Mwarabu huwa anaomba visima vyake vya mafuta. Katika kila Waislamu watano duniani, Mwarabu ni kama mmoja tu. Indonesia peke yake ina Waislamu zaidi ya milioni 200, na hao si Waarabu. Upande wa pili, Waarabu Wakristo wapo tele: Bethlehem, Nazareti, Lebanon ambako kwa makubaliano ya mwaka 1943 rais huwa Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msuni, na spika Mshia. Biblia yao ya Kiarabu inamwita Mungu Allah, na wanaungama dhambi zao kwa lugha ileile unayodhani ni ya kwangu.

Wewe mwenyewe husoma somo la Pentekoste pale madhabahuni, kwa ile sauti yako ya redio. Matendo ya Mitume, sura ya pili. Waparthi na Wamedi na Waelami, halafu aya ya kumi na moja inamalizia wapi? "Wakrete na Waarabu." Walikuwepo siku ya kwanza. Mjerumani aliyetuletea Ulutheri hakuwepo.

Na kwetu huku, Bilali anaitwa Bilali Mhabeshi mpaka kesho, Salmani ni Salmani Mwajemi, Suhaibu ni Suhaibu Mrumi. Walikuwa maswahaba wa Mtume na hakuna aliyewavua asili yao. Qurani inasema tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Tujuane, Kaka. Hilo peke yake lingetutosha.

Sisemi kwamba mipaka hii kila mahali imenyooka. Kwa Wayahudi dini na ukoo vimesokotwa kamba moja: mtu anaweza kuwa Myahudi kwa kuzaliwa na asisali maisha yake yote. Hata hivyo, wale watu wa Mbale, Uganda, ambao Semei Kakungulu aliwaongoza kwenye dini ya Kiyahudi mwaka 1919, bado ni watu wa Mbale, wanalima na kuzikana na majirani zao. Ubudha nao ulianza kuhubiriwa India, ukasafiri, na leo waumini wake utawakuta kwa wingi Thailand, Japani na Sri Lanka kuliko huko ulikoanzia. Dini hupanda gari. Ukoo huna namna ya kuupandisha gari, unakuja nao kwenye pua. Na pua ninayo ya Mama, kila mtu msibani alisema.

Unaposema Ulutheri ndio asili yetu huwa nashangaa unamsema babu yupi. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipanda milima yetu mwanzoni mwa karne iliyopita. Wasabato walifika Upare wa Kusini mwaka 1903, nao walikuwa Wajerumani. Uislamu ulikuja na wafanyabiashara kutoka pwani. Babu yake Babu hakuwa na dini yoyote kati ya hizi. Alikuwa na msitu wake wa jando na mafuvu ya wazee wake yaliyohifadhiwa kwa heshima, na alikuwa Mpare kukushinda wewe, maana hata Kiswahili sidhani kama alikijua. Baada yake ukoo mmoja ukagawana dini tatu kama watu wanavyogawana shamba, na kwa jinsi Wapare tunavyosemwa kwa kupenda kesi, ajabu ni kwamba hiyo haikufika mahakamani.

Haikufika kwa sababu ya watu kama Mama. Mbuzi wa Krismasi wa nyumba ile alichinjwa na nani? Na yule mzee jirani, Mwislamu, aliyekuja na kisu chake kwenye gunia, ili mjomba na wanawe wale bila wasiwasi. Mwaka ulipouliza kwa nini tusichinje wenyewe, Mama alikujibu mbuzi hana dhehebu, kamlete mzee. Siku ya kumzika yeye ulichinjisha ng'ombe wawili kwa kijana wako, nusu ya ukoo ikala makande na kunywa chai ya rangi. Mama mdogo Msabato hakula nyama wala hakushika mwiko, ilikuwa Jumamosi. Huyo hukumwambia ni Mjerumani.

Najua utaniambia nakuza mambo, kwamba mdomo umeteleza msibani. Mimi nafundisha historia, Kaka, silali vizuri watu wakianza kuhesabiana hivi. Bosnia walizungumza lugha moja wakaelewana bila mkalimani. Dini ikageuzwa taifa: Mwothodoksi akawa Mserbia, Mkatoliki Mkroati, Mwislamu Mbosnia, na kuanzia 1992 mpaka 1995 jirani akamuua jirani. Rwanda nako sehemu kubwa walikuwa Wakristo, Wakatoliki wengi, Wahutu kwa Watutsi, na mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa walimobatizwa. Kwa hiyo usinidhanie nasema tukiwa dini moja tutapona. Nasema usichukue kitu kimoja ukapimia kingine.

Haya, nafika kwenye lile ambalo najua unasubiri nilikwepe.

Ndiyo, nilisema. Kwenye simu, siku ya tatu, ulipotangaza kwamba tutazika Jumamosi ili wakubwa zako wafike na mwanao apate ndege. Nilisema mnamweka Mama kwenye friji kama samaki. Ulikuwa umeweka sauti ya nje, sikujua. Wifi alisikia, na wadogo zetu wote.

Lakini nielewe nilikokuwa. Huku nimezoea mtu akifa asubuhi, alasiri yuko ardhini: ameoshwa, amevikwa sanda nyeupe, amelazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, hakuna jeneza la kuzikwa nalo, hakuna hotuba. Baba mkwe tulimzika hivyo kati ya adhana mbili. Ninyi kumsubirisha maiti ili wa mbali wamuage ndiyo heshima. Sisi heshima ni kutomchelewesha. Baniani angeshangaa wote wawili, yeye humpa maiti wake moto. Nilijua hayo yote, hufundisha watoto wa watu. Ila aliyelala kule alikuwa Mama yangu, na kila usiku nilikuwa nikiota ana baridi. Nani anachagua maneno akiwa katika hali hiyo? Wewe ungechagua?

Siku nne nilikaa Tanga nimenuna badala ya kuja kukaa na wadogo zetu. Nilishuka Mwanga Jumamosi hiyohiyo asubuhi nikapanda mlima na gari la kukodi. Labda ratiba uliichapisha ukidhani sitakuja. Nimejaribu miaka mitatu kuamini hivyo.

Na lipo la jina. Nilipobadili dini hakuna shehe aliyenidai jina la Kipare. La ubatizo, sawa, nilitaka mwenyewe kuliacha. Lakini lile alilonipa Bibi, lenye maana ya mvua iliyokuja imechelewa, nililiweka kando kwa hiari yangu, nikasema mbele yako, sebuleni kwako, kwamba ni jina la kikafiri. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na ushungi mpya. Nilimwita hata Mama "ummi" wiki nzima mpaka akaniuliza kama koo linaniuma. Shehe mmoja wa hapa, mtu mzima sana, aliponisikia baadaye alinicheka: jina zuri halina dhambi, alisema, mvua si ya Mungu?

Kwa hiyo huenda neno lako la kaburini nilianza kukufundisha mwenyewe. Sikuombi radhi kwa dini. Kwa jina la Bibi, ndiyo. Na la samaki pia, ingawa siku sita ni nyingi, Kaka, siku sita ni nyingi mno, na hilo sitaliondoa.

Ile ratiba ninayo. Iko ndani ya msahafu, usikasirike, ndicho kitabu ninachokifungua kila siku. Kwenye "watoto wanne" nimekata kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia nikaandika 5. Kwenye wajukuu nimeandika 14. Wanangu wamekua, wanakuulizia, mdogo ana macho yako na ubishi wako.

Harusini nitakuja Ijumaa, nitafikia kwa mjomba. Nyama usiniwekee, nitakula makande. Ukiamua kumwita yule mzee wa kisu, bado yu hai, nimemuulizia.

Mchango nimetuma leo saa nne asubuhi, laki tatu. Angalia ujumbe kwenye simu. Jina la kwanza litakalotokea hulipendi. Ya pili na ya tatu ni la Baba na la Babu, kama yako.