Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani: rudisheni barua ya pingamizi

Mheshimiwa Johann Wadephul,

Salaam. Tarehe 1 Julai 2025 wizara yako ilifuta, dunia nzima, utaratibu uliomruhusu mtu aliyenyimwa viza kuuandikia ubalozi ule ule barua ya pingamizi, bila kulipa hata senti. Sasa aliyekataliwa amebaki na njia mbili: aombe upya na kulipa upya, au afungue kesi kwenye Mahakama ya Utawala ya Berlin, ambako lugha ni Kijerumani.

Sababu yenu naijua. Mlianza kwa majaribio katika baadhi ya balozi Juni 2023, mkaona kwamba watumishi waliokuwa wakijibu barua hizo wanapata nafasi ya kushughulikia maombi mengine. Sina ubishi na hilo. Anayesubiri miadi ya viza Dar es Salaam naye anataka foleni isogee. Ila muda mliouokoa ninyi, mwombaji ndiye anayeulipia.

Masharti yenyewe mengi hayana ubaya. Viza ya Schengen, yaani ile moja ya muda mfupi inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ni ya kukaa siku 90 ndani ya siku 180, ada yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. (Zanzibar nayo inamtoza mgeni bima ya lazima ya dola 44, kwa hiyo hapo tunyamaze.) Mwenyeji aliyeko Ujerumani akitaka kubeba gharama, anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kutia sahihi hati ya dhamana. Watu huyatimiza hayo yote.

Wanaangukia kwenye kisanduku kimoja cha fomu ya kukataliwa, kile kinachosema kuna shaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza yake haijaisha. Chukua mama anayeuza vitenge Kariakoo. Hana hati ya mshahara kwa sababu hana bosi. Fedha inaingia kwa lipa namba asubuhi, jioni imeshatoka kununua mzigo. Nyingine iko kwenye kikoba. Akaunti ya benki anaikumbuka wakati wa ada za watoto. Ofisa anayesoma miezi mitatu ya taarifa ya benki anakuta salio dogo, halafu milioni kadhaa zimeingia ghafla wiki moja kabla ya miadi. Anasema moyoni: za kuazima hizi. Huenda kikoba kimevunjwa, kama vinavyovunjwa vingi mwisho wa mwaka. Au kweli ni za kuazima, maana wapo wanaofanya hivyo. Barua ya pingamizi ndiyo iliyokuwa inatenganisha hao wawili: mama anaambatisha daftari la kikoba, leseni ya biashara na barua ya serikali ya mtaa, ofisa anasoma tena.

Na safari hizi nyingi zina tarehe isiyosogezeka. Binti amejifungua Hamburg, mama yake anataka kwenda kumkanda na kumshikia mtoto zile siku arobaini. Ofisa ana siku 15 za kuamua, na akiona haja anaweza kufika hadi 45. Kesi ya mahakamani itamfaa nini mama huyo? Arobaini itapita mzazi akijikanda mwenyewe.

Liko na hili, ambalo nalitaja kwa heshima. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea watu wetu wakati wa Maji Maji. Mwaka huo huo watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kwa vinasaba wamewapata ndugu, walio hai hadi leo, wa watu wa Kilimanjaro ambao mabaki yao yalichukuliwa zama za ukoloni. Ndugu hao wakitaka kwenda Berlin kuwaona wazee wao, watapanga foleni ya viza kama wengine. Mkulima wa kahawa wa Moshi naye hana hati ya mshahara.

Siombi kila mtu apewe viza. Rudisheni pingamizi, hata mkiliwekea ada ndogo na ukomo wa kurasa mbili. Hilo likishindikana, basi ofisa asiruhusiwe kutia alama kwenye kisanduku cha nia ya kurudi kabla hajampigia mwombaji simu au kumwandikia barua pepe, akamtajia hasa kinachomtia shaka na kumpa siku tatu za kuleta nyaraka. Kanuni za viza za Schengen tayari zinamruhusu ofisa kumwita mwombaji kwa mahojiano na kudai nyaraka za ziada. Kwa sababu hiyo moja ya kukataa, ifanyeni ruhusa hiyo iwe lazima, muanze na balozi ambazo waombaji wake wengi wamejiajiri. Dar es Salaam ni mojawapo.

Wasalaam,
Mwananchi, Dar es Salaam