Risala ya Klabu ya Akiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko.

Mgeni Rasmi, tulipoanzisha klabu hii wengi wetu tulidhani akiolojia ni sururu, koleo na bahati. Tumekuja kujua kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika maabara, mashimo yakiwa yameshafukiwa. Kila kiumbe hai kina mwilini kiasi kidogo cha kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi. Kikifa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ukipima iliyobaki, mkaa au mfupa hukutajia umri wake, hadi kufikia miaka 50,000 iliyopita. Willard Libby, aliyebuni njia hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Lakini kisa kilichotugusa kuliko vyote ni cha Ötzi, mtu wa miaka ipatayo 5,300 iliyopita, aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991. Wapo waliodhani kauawa na baridi. Mwaka 2001, miaka 10 baadaye, eksirei ikaonyesha ncha ya mshale ya jiwe la gumegume imezama kwenye bega lake la kushoto. Alipigwa kwa nyuma! Chavua, yaani unga wa maua, iliyokutwa utumboni mwake ikasaidia kujua hata majira aliyofia, na DNA ikaonyesha kwamba tumbo lake halikupatana na maziwa.

Tulibishana sana juu ya ile miaka 10. Mshale ulikuwamo muda wote. Kama mwili usingetunzwa, nani angeuona? Ndiyo maana wanaakiolojia makini huacha sehemu ya eneo bila kuigusa. Mahali palipochimbwa hapachimbiki tena, na vipimo vya kesho huenda vikaona kisichoonekana leo.

Mgeni Rasmi, tunayo hadubini moja, nayo lenzi yake ina ufa. Tunaomba utusaidie kupata nyingine, tuione chavua kwa macho yetu badala ya kuisoma tu vitabuni. Tunaomba pia utuombee nafasi ya kutembelea maabara inayopima umri wa mabaki ya kale, hata kwa siku moja. Maswali tumeshayaandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Akiolojia