Umefuta video, nafasi hairudi: kwa nini natoza 60,000

"Mwanangu, 60,000 kwa amri moja? Mjukuu wangu kaiona bure YouTube." Mzee wa duka la jumla hapa Ngamiani aliyasema hayo mbele ya wateja. Huyo ni wa nne mwaka huu kuilalamikia bei yangu ya kurudisha nafasi ya diski, ndiyo maana naandika.

Kompyuta yake ya kamera za ulinzi inatumia Linux. Alifuta video za mwezi mzima huku programu bado imezishika. Faili ya namna hiyo jina hutoka kwenye folda, lakini nafasi haiachiwi mpaka programu iifunge. Kabla haijafunga, umeme ukakatika. Faili zikabaki yatima: amri ya du, inayojumlisha faili zenye majina, inahesabu nusu ya diski; df, inayotazama nafasi iliyobaki, inasema imejaa.

Diski ikiwa nzima, mfumo wenyewe huwasafisha mayatima hao ikiwashwa tena. Ya mzee ilikuwa na alama ya hitilafu, ikajifunga kuwa ya kusoma tu. Hapo orodha ya mayatima haiguswi mpaka fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski) ipite. Na kufuta nako ni kuandika, baba. Diski isiyoandikika utaifuta mpaka kesho.

Amri ni hiyo fsck moja, kweli. Ila kabla yake natazama afya ya diski kwa smartctl, nakagua kebo (chumvi ya bahari hapa Tanga haina huruma), kisha nanakili diski nzima kwa ddrescue. Ya terabaiti 1 inalala dukani. Fsck naipitisha kwanza kwenye nakala, na -n, isome tu bila kurekebisha kitu. Nikiridhika ndipo naigusa diski yenyewe.

Mjukuu yeye angelazimisha diski ikubali kuandikwa, halafu apige fsck -y (ikubali kila rekebisho bila kuuliza) diski ikiwa bado inatumika. Mama mmoja wa stesheneri Barabara ya 12 alifanyiwa hivyo. Alipokuja kwangu, hesabu zake za miaka 3 zilikuwa ndani ya lost+found (folda ya faili zilizookotwa na fsck), hazina majina, namba tupu: #131074, #131075, zinaendelea. Nilikaa siku 5 nafungua moja moja, hii risiti, hii barua ya shule, hii picha ya harusi ya mtu. Nyingine hazikufunguka kabisa. Alilipa 180,000, na hiyo ni baada ya kumpunguzia.

Mzee nilimfanyia kwa utaratibu wangu. Nafasi ya GB 212 imerudi, kamera zinarekodi. Kalipa 50,000, kumi anasema Ijumaa.