Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Njoo siku ambayo hakuna wageni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: WATOTO WENYE MAMA WANAOITWA YATIMA, NA WAGENI WANAOKUJA KUWALEA WIKI MBILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mlezi. Nimefanya kazi hiyo miaka 9 katika makao ya watoto yaliyo ndani ya wilaya yako, karibu na barabara ya lami wanayopita watalii wakienda mbugani. Jina la makao silitaji, na langu silitaji, lakini umeshatuona. Tarehe 16 Juni mwaka jana, Siku ya Mtoto wa Afrika, ulifika kwetu ukakata keki, na mimi ndiye niliyekumiminia maji ya kunawa.

Siku hiyo ulisema mbele ya watoto 38 kwamba ndani ya siku 30 afisa ustawi wa jamii atakuja kukagua faili la kila mtoto, ijulikane katoka wapi na ndugu zake ni nani. Nilizihesabu siku hizo. Zilipofika 30 nilifua mapazia ya ofisini. Zilipofika 60 nilimuuliza mtendaji wa kata. Zilipofika 100 niliacha kuhesabu, nikaendelea na kazi. Ningekaa kimya hadi leo kama si yaliyotokea Ijumaa iliyopita.

Ijumaa saa nne asubuhi wageni wanne wa kujitolea walimaliza wiki zao mbili. Mmoja wao, binti wa miaka 19, alikuwa amezoeana sana na mtoto wa miaka 4 wa chumba changu. Alikuwa akimwogesha, akimlisha, na usiku akimwachia kidole akishike mpaka usingizi umchukue. Wakati wa kuagana alimwambia atarudi. Sidhani alikusudia kudanganya. Alikuwa analia, na neno likamtoka. Gari lilipoondoka mlinzi alichelewa kufunga geti. Mtoto akapenya, akalikimbilia gari hadi barabarani, bodaboda ikamgonga. Amevunjika mguu wa kulia, juu ya goti.

Jioni nilikuwa naye wodini mama yake alipotokea. Ndiyo, Mheshimiwa, mama yake mzazi. Anauza ndizi sokoni, nusu saa kwa daladala kutoka kwetu, na habari alizipata kwa vijana wa bodaboda. Alikuja mbio na kadi ya kliniki mkononi, ile yenye chanjo zote za mtoto na jina lake yeye juu. Msimamizi wetu, aliyekuwa mlangoni, akamwambia muuguzi kwamba mtoto huyu hana mama, faili linasema mama amefariki. Yule mwanamke akabaki amenyoosha kadi. Akauliza, "Nimefariki lini?" Hakujibiwa. Alilala kwenye baraza la hospitali, akaruhusiwa kuingia asubuhi, zamu ilipobadilika na muuguzi mwingine kuisoma ile kadi mwenyewe.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, na nilimjua, kwa kuwa miaka miwili iliyopita mimi ndiye niliyempokea alipomleta mtoto. Sikusema usiku ule. Niliogopa kazi. Nilisema Jumatatu, ofisini, na jibu nililopewa ni kwamba nikapumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nadai mishahara ya miezi mitatu, shilingi 150,000 kila mwezi. Binti yangu wa kumzaa amelelewa na bibi yake Singida miaka yote hii ili mimi nilale na watoto wa wenzangu. Haya si ya faili lako, nayajua, lakini usiku ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Nikueleze huyu mtoto alivyofika. Baba yake aliondoka, kodi ya chumba ikalimbikizana. Akapita mtu wa makao mtaani akisema kuna shule ya Kiingereza, chakula cha bure na wafadhili. Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Hakumtoa mwanawe, Mheshimiwa. Alimpeleka shule.

Katika watoto wale 38, 27 nimewaona wazazi wao au bibi zao kwa macho yangu. Wengine huja Jumapili na maandazi kwenye mfuko, wanasimama upande wa pili wa seng'enge. Wageni wakiwepo huambiwa warudi siku nyingine, maana wageni wamekuja kuwaona yatima.

Kwa nini iwe hivyo? Sina ushahidi wa kila kitu, nasema ninayoyaona. Mwezi wa saba na wa nane, shule za Ulaya zikifungwa, vitanda vya wageni vinajaa. Wengine wameshuka Kilimanjaro na wanataka wiki moja na watoto kabla ya kwenda Zanzibar. Mmoja alinionyesha kwenye simu alicholipa kwa wakala wa kwao kwa wiki mbili, bila nauli ya ndege: zaidi ya shilingi milioni 2. Kwetu kinafika kiasi gani sijui, ila najua viatu vipya vilivyoletwa na kanisa vimefungiwa stoo, na watoto hutolewa mbele ya wageni na ndala zilizokatika. Mtoto akirudi kwa mama yake, kitanda kinabaki kitupu, na kitanda kitupu hakina mgeni wa kukilipia. Ndivyo ninavyoelewa mimi. Kama nimekosea, faili zitanisahihisha.

Watoto wetu wamefundishwa A, B, C zaidi ya mara ishirini. Kila kundi jipya huanza mwanzo, na kabla ya kufika kwenye kusoma limeshaondoka. Na kuna jambo ambalo wageni hulisifu na mimi hunitia hofu. Mgeni yeyote akishuka garini, wadogo humkimbilia na kumkumbatia miguu kabla hajataja jina lake. Wanasema watoto wa hapa wana upendo sana. Mimi nimelea. Mtoto aliyeko kwa mama yake akiona mtu asiyemjua hujificha kwanza nyuma ya kanga, anachungulia, anapima. Wa kwetu wameacha kupima. Kesho akija mtu mbaya watamkumbatia vilevile. Hapo jirani Kenya, mjini Juja, alikuja kijana wa Marekani aitwaye Matthew Durham kujitolea kwenye makao ya watoto, akawadhalilisha. Mwaka 2016 mahakama ya kwao Oklahoma ilimfunga miaka 40. Naye alipokelewa kama wageni wote, kwa nyimbo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 unaijua kuliko mimi. Kifungu cha 7 kinampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Sheria hiyohiyo inamtaka mgeni anayeomba kuasili mtoto awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo. Miaka 3, achunguzwe, ajulikane. Ila huyu wa kumwogesha na kumlaza mtoto huyohuyo anashuka uwanja wa ndege jana, leo yuko chumbani kwangu. Anayekuja kujitolea anatakiwa awe na hati ya ukaazi ya daraja C. Wangapi kati ya hawa wanne walikuwa nayo? Mimi niliona viza za matembezi.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Rwanda tangu 2012 ilianza kuwarudisha kwenye familia watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye vituo. Kenya ilisimamisha kusajili makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto kwenye vituo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikwishazungumza Desemba 2019 kuhusu madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima, utalii ukiwemo.

Huenda afisa ustawi ni mmoja kwa wilaya nzima na hana hata pikipiki. Huenda mnaogopa wageni wakikoma, watoto watakosa ugali. Kama ni hivyo, semeni, tujue. Usinielewe kwamba nawachukia wageni. Alikuja muuguzi mstaafu, mama wa makamo kutoka Ujerumani, akakaa miezi mitano. Hakuomba kumbeba mtoto hata mmoja. Alikaa na sisi walezi, kwa mkalimani, akatufundisha kutibu majeraha ya moto na kutambua mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Alipoondoka tulilia sisi watu wazima, na watoto walilala salama.

Ombi langu ni moja. Njoo mwenyewe, au mtume afisa, siku ambayo hakuna wageni. Usitoe taarifa wiki moja kabla. Njoo na daftari, fungua faili moja baada ya jingine, na penye neno "amefariki" uliza cheti cha kifo kiko wapi. Kisha mwulize mtoto mwenyewe mama yako anakaa wapi. Wengi watakupeleka hadi mlangoni, hawajasahau njia. Kama mama anahitaji kodi ya miezi michache, au kaya yake kuingizwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hilo linawezekana kwa gharama ndogo kuliko wiki mbili za mgeni mmoja. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinachowashinda akina mama hawa ni sare, madaftari na sahani ya jioni.

Njoo siku ambayo hakuna wageni. Kwa mwezi huu ni Jumatano na Alhamisi ijayo tu. Ijumaa linaingia kundi jingine la watu sita.

Mtoto amefungwa hogo kuanzia kiunoni, na mama yake hajaenda sokoni tangu Ijumaa. Daktari amesema ataruhusiwa wiki ijayo. Msimamizi anasema atamchukua yeye, kwa kuwa karatasi ni zake. Kuna mtu mmoja wilayani anayeweza kuizuia karatasi hiyo kabla mtoto hajatolewa wodini, na ndiye ninayemwandikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mlezi wa chumba cha wadogo